Jukwaa la Mijadala Limegoma: Dalili Zinazolalamikiwa Sana na Pa Kuanzia Kutazama

Mwongozo huu ni wa watu wanaoendesha jukwaa la mijadala kwa programu huria hapa Nairobi: chama cha wakazi wa mtaa, SACCO, waliosoma shule moja, wafugaji wa kuku. Wengi hawana mtu wa kompyuta wa kuajiriwa. Walikuwa na kijana mmoja aliyesimamisha seva, akawaachia nenosiri kwenye karatasi, kisha akapata kazi Mombasa.

Nitashika programu mbili zinazoletwa kwangu zaidi. Ya kwanza ni phpBB, ya tangu mwaka 2000, iliyoandikwa kwa PHP na inayokaa bila shida kwenye hosting ya kawaida (nafasi ya kukodi kwenye seva ya kampuni) yenye cPanel, ukurasa wa kuisimamia. Ya pili ni Discourse, iliyotangazwa 2013, inayotumia Ruby on Rails, PostgreSQL (hifadhidata yake) na Redis, na ambayo husimikwa ndani ya kontena la Docker (kisanduku kinachobeba programu na vyote inavyohitaji) kwenye seva yako mwenyewe. Zote mbili ziko chini ya leseni ya GPL toleo la 2. Kama unatumia Flarum au NodeBB, dalili ni zilezile. Majina ya faili tu ndiyo yatabadilika.

Kabla hujagusa chochote, chukua nakala rudufu. Kwenye Discourse nakala hukaa /var/discourse/shared/standalone/backups/default. Kwenye phpBB unahitaji vitu vitatu: hifadhidata, folda ya files (pamoja na picha za wanachama zilizo images/avatars/upload), na faili ya config.php. Zishushe kwenye kompyuta yako. Nakala iliyobaki kwenye seva ileile itazama pamoja na seva.

Kisha uliza swali moja: ni nini kilibadilika tangu mara ya mwisho jukwaa lilipokuwa sawa? Mara nyingi jibu halimo ndani ya programu. Limo kwenye bili, barua pepe, diski au mtandao wa simu. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu ameanza kwa kufuta na kusimika upya.

"Nimejiandikisha lakini barua ya uthibitisho haijafika"

Hili ndilo lalamiko namba moja, na wala halina mshindani.

Anza na la bure: mwambie mwanachama afungue folda ya taka. Kisha angalia anwani aliyoandika. "gmail.con" na "gmial.com" zimewanyima watu wengi akaunti kuliko hitilafu yoyote ya seva.

Kama barua hazimfikii mtu yeyote, fuata mpangilio huu.

Ikiwa ni Discourse na hivi karibuni ulirejesha nakala rudufu, umeshapata jibu. Baada ya kurejesha, Discourse huzima yenyewe barua zote isipokuwa za wasimamizi, ili seva ya majaribio isiwatumie watu barua za zamani. Ingia kwenye mipangilio, tafuta disable emails, rudisha iwe no. Watu wamehangaika wiki nzima na mtoa huduma wa barua huku tangazo la jambo hilo liko juu ya ukurasa wao wenyewe.

Sababu inayofuata ni mlango (port, njia yenye namba ambayo seva hupitishia barua) uliozibwa. Kampuni nyingi za seva huziba mlango wa 25 kwa wateja wapya ili kuzuia barua taka, na baadhi huziba hata 465 na 587. Watoa huduma wengi wa kutuma barua wameacha mlango wa 2525 kwa ajili hiyo, ujaribu. Kwenye Discourse, endesha ./discourse-doctor ndani ya /var/discourse. Itajaribu kutuma barua na kukueleza ilipokwama. Usijaribu kujenga seva yako mwenyewe ya barua pepe. Ni kazi ya kudumu, na kikundi cha wakazi hakina haja nayo.

Ya tatu ni kutumia Gmail ya kawaida kama mtumaji. Nenosiri lako la kila siku litakataliwa. Lazima uwashe uthibitishaji wa hatua mbili na utengeneze nenosiri la programu. Hata ukifaulu, akaunti ya bure ina kikomo cha barua 500 kwa siku. Jukwaa lenye wanachama 200 wanaopokea arifa za kila jibu litakimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Ya nne ni rekodi za kikoa: SPF, DKIM na DMARC ni mistari kwenye DNS (kitabu cha anwani cha intaneti) inayothibitisha kwamba barua ni yako kweli. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanadai kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku awe na zote mbili pamoja na DMARC. Weka zote tatu hata kama hutumi nyingi kiasi hicho. Mtoa huduma wako wa barua atakupa mistari ya kubandika kwenye DNS. Angalia isiwe kuna rekodi mbili za SPF kwenye kikoa kimoja. Ya pili haiongezi kitu, inaharibu zote.

Kwa phpBB kuna sababu yake ya pekee. Programu hii hupanga barua kwenye foleni na kuzituma kwa mafungu, na kama kazi za ratiba haziendeshwi, foleni hulala pale. Kwenye mipangilio ya barua pepe, weka ukubwa wa fungu uwe 0 ili kila barua itoke papo hapo. Kama zinaanza kufika, umejua tatizo liko kwenye ratiba.

Kama barua zinatoka na logi inasema zimepokelewa, lakini bado watu hawazioni, seva yako au ya mtoa huduma imewekwa kwenye orodha ya watumaji wabaya. Hapo acha kubadilisha mipangilio. Mwandikie mtoa huduma wa barua na umpe mfano mmoja wenye saa na anwani.

"Natupwa nje kila mara" na "Nimekataliwa kujiandikisha"

Ninayaweka pamoja kwa sababu chanzo chake ni kimoja, na miongozo iliyoandikwa ng'ambo haikigusi sana. Mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya IP (namba inayokutambulisha mtandaoni) ya kutokea nje, na anwani hiyo inaweza kubadilika mtu akiwa bado anasoma mada. Aliyepanda matatu Kahawa West akiwa ameingia kwenye jukwaa anaweza kufika mjini akiwa na anwani nyingine kabisa.

Kwenye phpBB, kuna ukaguzi wa IP wa kikao. Kwa kawaida umewekwa A.B.C, yaani sehemu tatu za kwanza za anwani zikibadilika, mwanachama anatolewa. Kwa mtu wa simu hiyo ni adhabu bila kosa. Nenda kwenye mipangilio ya usalama katika ukurasa wa msimamizi, badilisha iwe A.B au uzime kabisa. Ukizima, hakikisha jukwaa linatumia HTTPS na vidakuzi (cookies) vimewekewa alama ya usalama, maana sasa ulinzi wa kikao umebaki hapo.

Kama anayetupwa nje yuko kwenye WiFi ya nyumbani isiyobadilika, angalia vidakuzi badala yake. Kikoa cha vidakuzi kiendane na anwani ya jukwaa. Mtu akiingia kupitia anwani yenye www na mipangilio inajua isiyo na www, hatakaa ndani.

Kwenye Discourse shida huja wakati wa kujiandikisha. Kuna mpangilio unaoitwa max new accounts per registration ip, ambao kwa kawaida ni 3. Maana yake, IP moja ikishakuwa na akaunti tatu za ngazi ya 0 (ngazi ya uaminifu ya mgeni mpya), na hakuna msimamizi wala mwanachama wa ngazi ya 2 kati yao, ya nne inakataliwa. Sasa fikiria mkutano mkuu wa SACCO. Mwenyekiti anasimama, anasema kila mtu atoe simu ajiunge sasa hivi kwa WiFi ya ukumbi. Watatu wanaingia, wengine wanakataliwa, na kabla ya chakula habari imeenea kwamba jukwaa ni bovu. Panua kikomo hicho siku moja kabla, kisha ukirudishe. Ukiona pia makosa yenye namba 429, hayo ni maombi mengi mno kutoka IP moja, na chanzo ni ukumbi huohuo.

Kuna hali moja ya hatari zaidi. Umeweka Cloudflare (huduma inayopokea wageni kabla hawajafika kwenye seva yako) mbele ya jukwaa, lakini hukuiambia programu. Hapo kila mwanachama anaonekana kutoka kwenye anwani za Cloudflare. Ukimfungia mkorofi mmoja kwa IP, umefungia mamia. Discourse ina kiolezo cha cloudflare.template.yml cha kuongeza kwenye app.yml (faili ya mipangilio ya kontena), kisha unajenga upya kontena. Kwa hosting ya cPanel, mwombe mwenye hosting awashe usomaji wa anwani halisi. Si jambo la kufanya mwenyewe kwa kubahatisha.

Na hata bila Cloudflare, usimfungie mtu kwa IP ya mtandao wa simu. Fungia akaunti.

"Jukwaa halifunguki kabisa"

Jaribu kwa simu yenye bando, kisha kwa WiFi ya jirani iliyo ya kampuni nyingine. Likifunguka kwa moja, seva yako ni nzima. Tafuta upande wa mtandao au DNS. Lisipofunguka popote, endelea.

Bili kwanza. Seva nyingi zinalipwa kwa dola kupitia kadi, na kadi ya benki ikiisha muda au ikikosa salio, malipo hukataliwa kimyakimya na seva kusimamishwa. Onyo lilitumwa kwa barua pepe ya yule kijana wa Mombasa. Kisha kikoa: tafuta jina lako la .co.ke au .or.ke kwenye huduma ya whois uone tarehe ya kuisha. Vikundi hukumbuka kulipia seva kila mwezi na kusahau kikoa cha mwaka.

Kivinjari kikisema muunganisho si salama, cheti cha HTTPS kimeisha. Vyeti vya Let's Encrypt hudumu siku 90 na hujihuisha vyenyewe, ila kujihuisha kunahitaji mlango wa 80 uwe wazi. Mara nyingi mtu ameufunga kwa nia njema, akidhani HTTPS inatumia 443 tu. Tangu Juni 2025 Let's Encrypt hawatumi tena barua ya kukukumbusha kwamba cheti kinakaribia kuisha, kwa hiyo usiingojee. Usiombe cheti kilekile mara kwa mara ukijaribu. Baada ya vitano ndani ya siku saba utazuiwa, na utasubiri.

Kivinjari kikilalamika kwamba ukurasa unakuzungusha bila mwisho, na una Cloudflare, badilisha aina ya usimbaji kutoka Flexible hadi Full (strict). Hiyo huwa tiba nzima.

Kama bili, kikoa na cheti viko sawa, ingia kwenye seva uandike df -h. Diski ikiwa 100%, PostgreSQL hukataa kuamka na jukwaa hulala nayo. Kwenye Discourse, shusha nakala rudufu za zamani kisha uzifute, halafu endesha ./launcher cleanup kuondoa picha (images, nakala za programu) za Docker zisizotumika. Kwenye hosting ya kawaida, mshukiwa mkuu ni faili ya error_log iliyovimba.

Simama hapa: usifute chochote ndani ya folda ya postgres_data, hata kama inaonekana kubwa na ya zamani. Hiyo ndiyo mijadala yenyewe. Kama diski bado imejaa baada ya usafi huo, ongeza diski au mwite mtu anayejua PostgreSQL.

"Nilisasisha, sasa limekufa katikati"

Kwa Discourse, kusasisha kwa kina ni git pull ndani ya /var/discourse, kisha ./launcher rebuild app. Jukwaa hulala wakati wa kujenga, kwa hiyo fanya usiku.

Sababu ya kwanza haimo kwenye kitabu chochote cha Discourse: stima ilipotea, WiFi ikazima, na terminali yako ikakatika kazi ikiwa nusu. Daima anza kwa kuandika tmux au screen, ndipo uendeshe amri. Ukikatika, unarudi na kuikuta inaendelea.

Ya pili ni RAM. Discourse inaweza kuishi na GB 1 ikiwa kuna swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM), lakini ujenzi ndio unaokula zaidi. Ukiona neno Killed au namba 137 mwishoni, seva imeua kazi kwa kukosa RAM. Andika free -m. Kama mstari wa Swap una sufuri, tengeneza:

fallocate -l 2G /swapfile
chmod 600 /swapfile
mkswap /swapfile
swapon /swapfile

Kisha ongeza mstari wake kwenye /etc/fstab, la sivyo itatoweka seva ikiwashwa upya na utarudi hapa tena.

Ya tatu ni programu-jalizi (plugins). Mwaka 2025 Discourse iliingiza nyingi kati ya zile rasmi ndani ya programu yenyewe, na mistari yake ya zamani ya git clone kwenye app.yml sasa hukwamisha ujenzi. Iondoe. Zile za watu binafsi zilizoachwa bila matunzo, weka alama ya # mbele ya mstari ujenge tena. Nafasi za mwanzo wa mstari kwenye app.yml zina maana: tumia nafasi za kawaida, usitumie tabo.

Huku ukitafuta chanzo, huduma ya kwanza ni ./launcher start app. Ujenzi ukishindwa, kontena la zamani mara nyingi bado lipo, na wanachama wanaweza kuendelea kusoma.

Kama kinachokwama ni kupandishwa kwa toleo la PostgreSQL, soma kwanza diski ina nafasi kiasi gani. Inahitajika nafasi tupu ya angalau mara mbili ya hifadhidata. Ikishindwa mara moja huku nafasi ipo, usirudie. Hapo tafuta mtaalamu.

Kwa phpBB, ukurasa mweupe mtupu mara nyingi si kosa lako hata kidogo. Mwenye hosting amepandisha PHP bila kukuambia. Toleo la 3.3 linaendana na PHP 8. Matoleo ya nyuma yake hayakuandikwa kwa PHP 8. Nenda sehemu ya kuchagua toleo la PHP kwenye cPanel, rudisha la awali ili jukwaa lipumue, kisha panga kusasisha phpBB yenyewe. Usikae na PHP ya zamani milele.

Kama PHP haikuguswa, mshukiwa ni kiendelezo (extension). Mwenye terminali aandike php bin/phpbbcli.php extension:disable akifuatisha jina la kiendelezo. Asiye nayo afungue jedwali la phpbb_ext kwenye phpMyAdmin, aweke ext_active iwe 0, kisha afute yaliyomo kwenye folda ya cache akibakiza .htaccess na index.htm. Na kama wanachama wanaambiwa jukwaa limefungwa, na wewe unafikia ukurasa wa msimamizi tu, umesahau kuondoa folda ya install.

"Linaenda polepole"

Uliza: polepole kwa nani, na saa ngapi? Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, Kenya nzima ilikuwa polepole, na kuna wasimamizi waliokuwa wakinunua RAM kwa tatizo lililokuwa baharini. Kama tovuti nyingine za ng'ambo nazo zinajikokota, subiri.

Kwa Discourse, mara ya kwanza kufunguka ni nzito kwa simu ya bei ya chini kwa sababu programu kubwa ya JavaScript inashushwa kwanza. Baadaye huwa nyepesi. Ukiwa na mapambo mengi ya mandhari, ongeza /safe-mode mwishoni mwa anwani uone jukwaa bila mapambo wala programu-jalizi. Likiwa jepesi humo, umempata mwizi.

Kwa phpBB, tazama orodha ya walio mtandaoni. Jukwaa la wanachama 300 likionyesha wageni elfu kadhaa saa tisa usiku, hao ni roboti wanaokusanya maandishi. Faili ya robots.txt huwazuia wale wenye adabu. Wasio na adabu huzuiwa mbele ya seva, kwa Cloudflare au kwa msaada wa mwenye hosting.

"Natafuta kitu najua kipo, naambiwa hakuna"

Hapa ndipo Kiswahili kinapogongana na programu zilizofikiriwa kwa Kiingereza, na watu wengi hudhani ni ubovu wa seva.

Utafutaji wa asili wa phpBB una mipaka mitatu. Hauweki kwenye faharasa neno lenye herufi chini ya 3 wala zaidi ya 14. Kwa Kiingereza 14 ni nyingi. Kwa Kiswahili "waliosimamishwa" lina 15 na "wanaoshughulikia" 16, kwa hiyo hayapo kwenye faharasa kabisa. Panua kikomo cha juu hadi 25 au 30 hivi. Pili, neno linaloonekana katika zaidi ya 5% ya jumbe huhesabiwa la kawaida na kupuuzwa. Kwenye jukwaa la SACCO, neno "mkopo" linapita kiasi hicho mapema sana, yaani neno linalotafutwa zaidi ndilo lisilotafutika. Pandisha asilimia hiyo au weka 0 kuzima kipimo. Baada ya kubadilisha, futa faharasa na uiunde upya kwenye sehemu ya matunzo. Bila hivyo jumbe za zamani zitabaki vilevile. Jukwaa kubwa litachukua muda, fanya usiku.

Tatu, wafundishe wanachama kutumia nyota mbele ya neno. Lugha yetu hubadilika mwanzoni: anayetafuta *kopo atapata mkopo na mikopo pamoja. Atapata na makopo pia.

Discourse hutegemea kamusi za PostgreSQL, na PostgreSQL haina ya Kiswahili. Lugha kuu ya jukwaa ikiwa Kiingereza, maneno yako hukatwa mikia kwa kanuni za Kiingereza na mengine hutupwa kama viunganishi. Ukitafuta mji wa Same kule Kilimanjaro, utafutaji unaona neno la Kiingereza lisilo na uzito na kulipuuza. Kuweka lugha kuu ya jukwaa kuwa Kiswahili hupunguza shida hiyo, kisha maudhui yafanyiwe faharasa upya.

"Picha haipandi"

Ni ukubwa. Kwenye PHP, upload_max_filesize kwa kawaida ni MB 2, na picha ya simu ya leo inazidi. Pandisha hadi 10, na post_max_size iwe juu yake. Kosa la 413 linatoka kwa nginx (programu inayopokea maombi ya kurasa kwenye seva): client_max_body_size yake ya kawaida ni MB 1. Kwenye Discourse ni upload_size ndani ya app.yml. Kama hata picha ndogo inakataliwa kwenye phpBB, folda ya files haina ruhusa ya kuandikwa. Usiipe 777 kwa hasira. Mwulize mwenye hosting ruhusa sahihi.

"Matangazo ya kamari na dawa yamejaa"

Kwa phpBB, acha kizuizi cha roboti cha kusoma herufi zilizopinda, washa cha maswali na majibu. Uliza jambo linalojulikana na watu wako tu, kama rangi ya lango la mtaa wenu. "Mji mkuu wa Kenya" kila roboti anaujua. Wapya wawekwe kwenye kundi linalosubiri kuidhinishwa kwa jumbe zao za mwanzo.

Discourse ina ngazi za uaminifu kuanzia 0 hadi 4. Mgeni hupanda ngazi ya 1 akiwa amefungua mada 5, amesoma jumbe 30 na kukaa dakika 10 akisoma. Usimpandishe kila mtu kwa mkono siku ya kwanza kwa sababu mwenyekiti amelalamika. Umevunja ukuta wako mwenyewe.

"Msimamizi amefungiwa nje" au "kuna mtu ameingia"

Tofautisha haya mawili upesi. Kama umesahau nenosiri tu na Discourse yako inatuma barua, fungua /u/admin-login upate kiungo. Barua zikiwa hazitoki, ingia kwa ./launcher enter app na uandike rake admin:create. Kwa phpBB, tumia kiungo cha kusahau nenosiri; kuhariri jedwali la watumiaji kwa mkono ni kazi ya mtu aliyewahi kuifanya.

Lakini ukiona msimamizi usiyemjua, faili za PHP zenye majina ya ajabu kwenye folda ya files, au jukwaa linawapeleka watu kwenye tovuti nyingine, hiyo si hitilafu ya kurekebisha. Usifute chochote, usirejeshe nakala, usiwashe seva upya. Mwombe mwenye hosting achukue taswira ya diski yote, kisha afunge seva kwa umma. Badilisha manenosiri kwa kompyuta nyingine: hosting, kikoa, barua pepe, hifadhidata. Mwite mtaalamu wa usalama, umpe tarehe ya mara ya mwisho ulipoona kila kitu kiko sawa, toleo la programu, na orodha ya viendelezi.

Na kama majina, namba za simu au barua pepe za wanachama zimechukuliwa na kuna hatari halisi ya kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ulipofahamu, pamoja na kuwaarifu wanachama wenyewe. Saa hizo zinahesabiwa hata fundi akiwa bado yuko njiani, kwa hiyo andika saa uliyogundua kabla hujapiga simu ya kwanza.